Dereva wa Basi Anayeutaka Ujaji

Bado hakujapambazuka vizuri, na Rhonda Bettencourt analizunguka basi la shule akiwa na tochi. Anapiga teke tairi moja baada ya jingine, anakwangua barafu kwenye kioo, kisha anapanda na kuwasha moto. Suti yake ya mahakamani imetundikwa nyuma ya kiti cha dereva.

"Wanaoamka saa hizi hapa ni mimi na kulungu tu," anasema, akiondoa basi.

Ana miaka hamsini na mmoja. Ni wakili wa kujitegemea, tena wa siku nyingi, lakini katika Kaunti ya Madrone, huko juu milimani California, wakili anaweza kulipwa kuni na mayai na akashukuru. Basi ndilo linalompa dola ishirini na nne kwa saa na, kubwa kuliko hilo, bima ya afya ya nyumba nzima. Mumewe, Dale, aliumia mgongo kwenye kiwanda cha mbao. Bila bima hiyo wangeshauza nyumba zamani.

Sasa anagombea ujaji wa kaunti, maana huko majaji huchaguliwa kwa kura, na uchaguzi ni Juni.

Kura ya jaji, nani asiyejua, ni kura ya kubahatisha. Watu wanasoma jina, wanasoma kazi iliyoandikwa chini yake, wanaweka alama, wanakwenda zao. Mpinzani wake, Clay Sorensen, ataandikwa Naibu Mwendesha Mashtaka wa Kaunti, na maneno hayo yana uzito wake. Rhonda, kwenye fomu yake, akajaza: Wakili na Dereva wa Basi.

Wendell Pogue, msimamizi wa mabasi, alimwuliza kama akili zake ni timamu.

"Watu wananijua kwa basi," akamjibu. "Uwakili wangu wanaukumbuka wakishashtakiwa."

Sheria inamruhusu wakili wa kujitegemea kuongeza kazi moja nyingine kwenye karatasi ya kura, mradi iwe kazi kweli, inayomweka mtu mjini, si ya kupitishia muda. Sorensen akakimbilia mahakamani kudai kwamba hilo basi ni la kujifurahisha tu, asubuhi kidogo na jioni kidogo. Akishinda, chini ya jina la Rhonda litabaki neno moja, Wakili, na Madrone haina upungufu wa mawakili wasiopendwa. Hata Wendell alikubali kwamba hapo mchezo ungekuwa umekwisha.

Kesi ilipangwa Jumatatu moja ya Machi, asubuhi, mbele ya Jaji Yolanda Pruitt, aliyeletwa kutoka kaunti nyingine kwa kuwa majaji wa Madrone wanafahamiana na wote wawili. Rhonda akaombewa dereva wa akiba. Dereva wa akiba akaamka na homa.

Akienda mahakamani, watoto watasimama kwenye theluji. Akiwafuata watoto, kesi itaanza bila yeye, na hakuna wa kumsemea, maana anajitetea mwenyewe. Alimwachia karani wa mahakama ujumbe, akawasha basi.

Alifika amechelewa, kizibao chake cha udereva, cha rangi ya chungwa, kikiwa bado mwilini, akasukuma mlango polepole. Wakili wa Sorensen, bwana mmoja wa suti nzuri kutoka Sacramento, alikuwa amesimama akiomba hukumu itolewe bila kumsubiri.

"Mheshimiwa Jaji, mama huyu ameona kazi yake ni muhimu kuliko mahakama yako."

Jaji Pruitt akavua miwani. "Kazi gani?"

Yule bwana akamtazama Sorensen. Sorensen akatazama viatu vyake.

"Nauliza tena, kazi gani? Maana maombi yako yanasema hana kazi nyingine."

Rhonda anasema alijibana asicheke. Na yeye alikaripiwa kwa kuchelewa, tena kavukavu. Lakini jaji alipokwisha kuziangalia hati zake za mshahara, aliamua maneno yabaki kama yalivyo.

Sorensen ameukubali uamuzi na anasema uzoefu wake utampa ushindi. Rhonda hababaiki.

"Nimebeba watoto wa kaunti hii miaka kumi na minne," anasema. "Wa kwanza sasa wanapiga kura."

Mpango wake anao tayari. Akishinda, kesi ndogo zitasikilizwa pia jioni, kule vijijini, kwa sababu wengi wanaokamatwa kwa kutofika mahakamani, kwa alivyoona yeye, hawakukaidi. Walikosa usafiri.

Ila jaji haendeshi basi la shule. Akishinda, ikifika Januari ya kuapishwa atakabidhi funguo, na hilo linamuuma kuliko anavyotaka kuonyesha.

Kwenye kituo cha mwisho hakuna mtu. Rhonda anasubiri, injini ikinguruma, mpaka Hattie wa darasa la kwanza anatokea mbio, viatu havijafungwa.

"Anti Rhonda, mama atakupigia kura," anasema akihema. "Mimi nimemkataza."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nani atanisubiri?"

Rhonda anafunga mlango, anatazama kwenye kioo hadi mtoto aketi, ndipo anaondoa basi.