Makofi Yaliyomfunga Mdomo

Saa moja asubuhi, fundi anapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Mwanamume asiyemfahamu anainama mlangoni, begani kabeba cherehani iliyofungwa kwenye shuka.

"Hodi. Mimi ndiye mume wa yule mliyempigia makofi."

Uzi unamponyoka. "Karibu, shemeji. Mwenyewe yuko wapi?"

"Nyumbani. Anaona haya. Kasema nirudishe chombo cha watu."

Wateja humwita fundi huyu Mama Pindo, kwa kuwa pindo lake halifumuki. Ana miaka hamsini na mmoja. Miaka saba aliishi kwa fedha za msaada zinazotolewa kila mwezi kwa kaya maskini, hadi ushonaji ulipomtoa kwenye foleni ile. Sasa ofisi ya ustawi wa jamii humletea kina mama wanaopokea msaada huo awafundishe kushona, wajitegemee.

Mwenye cherehani hii alikuwa wa kwanza kujitoa kwenye msaada, mwaka jana. Palipangwa viti, pakapambwa maua ya karatasi, afisa akashika kipaza sauti na kumkabidhi cherehani hii. Fundi ndiye aliyemhimiza, hata kabla hajapata wateja wa kudumu.

"Nilitaka mfano wa kuonyesha watu," anasema, sauti ikishuka. "Mtoto hajasimama dede, mimi namwambia akimbie!"

Msaada ulikatwa mwezi uleule. Mitumba ikajaa mtaani, wateja wakapukutika. Mama yule akauza meza ya kukatia nguo, wala hakurudi kusema.

"Angesemaje?" mumewe anauliza, akikataa kiti. "Kila akipita wanamwita mhitimu. Mhitimu atasema ana njaa? Tunakula mara moja kwa siku, naye akisalimiwa anacheka."

Fundi anajifuta macho kwa kipande cha bitana. "Makofi yale yalimfunga mdomo. Na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni mimi."

Kuanzia sasa, anasema, anayejitoa hatafanyiwa sherehe. Ameazimia kumtembelea kila mmoja nyumbani mwaka mzima. "Nitafunua sufuria nione kwa macho yangu. Wakinikasirikia, wanikasirikie."

Siku ile ya maua, alimnong'oneza mwanafunzi wake huyo: kazi kubwa ya kwanza nitakayopata, nusu yako. Hakuna mwingine aliyesikia.

Kazi yenyewe iko mezani: mashati themanini ya shule, vitambaa vimeshakatwa. Faida yake ilikuwa inunue mashine ya kufunga kingo za nguo, aliyoitamani miaka mitatu.

Analitazama rundo lile. Kisha analigawa katikati, anafungua shuka, anapanga vipande arobaini juu ya cherehani na kukaza fundo upya.

"Mwambie mashati haya nayataka Ijumaa. Pindo likifumuka, nitamfuata hukohuko nimchape."

Mwanamume anacheka kidogo, anajitwisha.

"Mbona mzigo umezidi niliokuja nao, shemeji?"

"Ni wake. Beba tu."