Kibanja cha Ma Kokugonza na Panga Langu

Siku yangu ya kwanza kazini, Nyaishozi, niliripoti kwa Mtendaji wa Kata nikiwa na viatu vinavyong'aa. Akanitazama kuanzia miguuni. "Bwana shamba, hivyo ni vya kanisani. Huku utaingia migombani." Nikanunua buti siku hiyo hiyo, na panga jipya juu yake, maana nilikuwa na kiburi cha kijana mwenye cheti: sikutaka kufundisha kwa mdomo mtupu.

Kazi yetu ilikuwa ya miguu. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, unakiingia kwa hodi na shikamoo. Unakunywa uji kwanza, ndipo unakagua. Nilifundisha kukata majani makavu na kupunguza machipukizi, kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu. Baada ya miaka nikahamishiwa kata moja ya Kyerwa, na huko nilikuwa naonyesha kwa vitendo nyumba tano, sita kwa siku. Watu walinisifu, nami nikavimba kichwa.

Kisha ukaja mnyauko, ugonjwa wa migomba. Majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, na ukikata shina linatoa ute kama usaha. Hauna dawa: shina linang'olewa, na ardhi inapumzishwa migomba kwa muda. Katika kijiji kimoja cha kata hiyo ulianzia nyumba moja, ukafuata kwa Ma Kokugonza, mjane aliyekuwa akilea wajukuu wanne. Nikasimama mbele ya majirani nikatamka kwamba kibanja chake ni kichafu, na kwamba bila shaka aliokota machipukizi mabovu mahali. Alinijibu kwa upole, "Mimi sijaleta kitu. Lakini wewe ndiye uliyesoma."

Neno langu likamfikia shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe. Kibanja kilikuwa cha ukoo, na wazee wakaanza kusema kwamba mjane aliyeua migomba ya marehemu hafai kuachiwa. Wakapanga kikao cha kumnyang'anya.

Kabla ya kikao hicho niliitwa semina Rubwera. Mkufunzi akaeleza kwamba ugonjwa husafiri katika utomvu unaobaki kwenye panga, na kwamba panga lazima lipitishwe motoni kila unapotoka shina moja kwenda jingine. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Nilizipitia kichwani nyumba zote zilizougua, na hakuna hata moja ambayo sikuwa nimeikatia migomba. Siku niliyokwenda kumkatia Ma Kokugonza migomba nilikuwa nimetoka moja kwa moja kwenye nyumba ile ya kwanza.

Wadogo zangu wa kazi hii, nawaambia ukweli: nilinyamaza. Wiki nzima nilipita njia ya nyuma nisikutane na yule mama. Halafu nikaenda kwa Afisa Kilimo wa Wilaya, si kwa ushujaa, bali kuomba uhamisho. Nilimweleza yote. Alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Ukihama, nani atawaambia?"

Nikauliza kama ofisi ingeweza kuniandikia barua ya kupeleka.

"Kumwomba mama radhi hakuna fomu yake hapa. Nenda."

Kikao kilifanyika uani kwa Ma Kokugonza. Nilisimama. "Wazee wangu, migomba hii hakuiua mama. Niliiua mimi, kwa panga langu, halafu nikamsingizia." Mzee mmoja akacheka akidhani natania. Shemeji mtu hakucheka. "Kwa hiyo tulikupa uji, wewe ukatupa ugonjwa?" Nilitamani wanifukuze.

Ma Kokugonza ndiye aliyesema. "Amekwisha kusema. Sasa atuambie: ardhi ikipumzika, watoto watakula nini?"

Basi tukang'oa, yeye na mimi, na kibanja kikabaki mikononi mwake. Tukapanda maharage na viazi vitamu mpaka ardhi ikasafika, ndipo tukarudisha migomba. Yeye alikwenda mbele upesi kuliko mimi. Mimi bado nilikuwa nakwepa macho ya watu, yeye tayari anawafundisha majirani kuvunja ua la mgomba, ambako wadudu huuingiza ugonjwa, kwa kijiti chenye panda, bila chuma kuligusa. Yaliyopita si ndwele, husema watu, lakini wanaosema hivyo mara nyingi ndio waliokosewa. Aliyekosa hulala nayo.

Nilipostaafu, kijiji kile kiliniandalia chakula, na Ma Kokugonza akaombwa kuniaga. Nilijua atalitaja kosa langu. Hakulitaja. "Huyu alitufundisha kulima," akasema, na watu wakapiga makofi. Uso uliniwaka. Mabwana shamba vijana walikuwa wamekaa pale, hawajui lolote, nikaona siwezi kuondoka na sifa hiyo. Nikasimama nikawasimulia yote, mpaka lile la kupita njia ya nyuma. Hakuna aliyepiga makofi.

Nilipoketi nilishindwa kuinua kichwa. Ma Kokugonza akanisogezea sahani.

"Mwanangu, aibu hailimi. Kula, ndizi zinapoa."