Mashimo ya sato nusura yageuze lambo letu kuwa machimbo

Salaam wakuu, heshima kwenu. Hiki nimekiona kwa macho yangu, sijahadithiwa. Atakayebisha aje Msalala nimpeleke kwenye lambo lenyewe.

Mimi ni mama, nipo kwenye kamati ya lambo la kijiji chetu, si mbali na Bugarama. Ng'ombe wote wanategemea maji yale. Tulipandikiza vifaranga vya sato tukapiga marufuku kuvua hadi wazaliane. Watu walininunia, nikaitwa mama roho mbaya. Sawa tu.

Juzi kati maji ya kando yakatulia, yakaonekana mashimo. Mviringo safi, mapana kama karai.

Sasa wakuu, huku kwetu kwenye dhahabu likionekana shimo hakuna anayewaza samaki. Uvumi ukatembea kwamba kuna mjanja anachukua sampo, yaani udongo wa kupima dhahabu, kimyakimya. Kufika saa tatu asubuhi wanaume wamejaa ukingoni na sululu, wengine wametoka mbali, huko Nyasubi. Wanataka kulichimba lambo.

Samaki wangekwisha, na kiangazi ng'ombe wangekunywa nini?

Nikamfuata mkubwa wao, mchimbaji mzoefu tunayemwita Ngosha. Nikampa shikamoo yake, nikamweleza kuwa mashimo ni ya sato madume. Dume anachimba kwa mdomo, jike anakuja kutaga pale, kisha anaondoka na mayai kinywani. Walicheka hadi wengine wakakaa chini.

Kubishana na mtu aliyepagawa na dhahabu ni kujichosha. Nikapandisha kitenge, nikaingia majini, nikafukia shimo moja kwa mguu. Nikawaomba wakae kimya waangalie.

Kusema ukweli, sato naye angeweza kuniumbua.

Akaja. Dume kubwa, jeusi, limekasirika. Akazunguka, akainamisha kichwa, akachota mchanga mdomoni, akaenda kuutema pembeni. Akarudi kuchota tena. Mwenzake alipojisogeza karibu, akamtimua.

Ile kazi wanaume wale wanaijua kuliko mimi.

Ngosha akashusha sululu begani, akasema taratibu, "Mayu, duara hili lina mwenyewe. Sisi hatuvamii duara la mtu."

Kwa msiojua, mayu ni mama, na duara ndilo shimo la mchimbaji, na kuvamia la mwenzako kwao ni kosa kubwa mno.

Wakaondoka wote. Nilipiga kigelegele peke yangu pale majini, kitenge kimelowa, na sioni aibu kusema. Leo hii kando ya lambo vifaranga wamejaa, na anayekuja na wavu anakutana kwanza na Ngosha.

Nilichojifunza: ukitaka mtu amwachie samaki nafasi yake, usimhubirie. Mwonyeshe samaki akiwa kazini.

Haya, wenye malambo na mabwawa, nyie mashimo hayo mkiyaona huwa mnadhani ni ya nini? Semeni ukweli, nitacheka kidogo tu.