Nilitaka kulipa mahari kwa koini, mama wa binti akaniuliza swali moja

Wakuu, poleni na majukumu. Hili nimekaa nalo rohoni muda mrefu. Naliandika kama lilivyotokea, hata pale linaponiaibisha.

Naishi Shanwe, hapa Mpanda. Natengeneza matangazo ya watu wa nje, wananilipa kwa koini za mtandaoni. Hiyo ni hela ya jasho langu.

Ila nilikuwa na hela nyingine.

Kuna koini mpya ilikuja, ukimuingiza mtu kwa link yako unapata kamisheni. Niliingiza watu tisa. Mmoja ni jirani yangu Mama Zawadi, mjane, anauza dagaa. Hata koini ni nini hakujua. Aliniambia, "Mimi naweka kwa sababu ni wewe."

(Rafiki yangu Muislamu mwenye duka Kashaulili alikataa. Alisema dini yake haimruhusu kula faida asiyojua inatoka wapi. Nilimcheka sana.)

Baada ya miezi michache ile koini ikafa. Website haifunguki, admin wa group katoweka. Kamisheni yangu nilishaitoa zamani, nikaichanganya na koini zangu za kazi.

Mama Zawadi nikamwambia, "Ndo biashara mama, pole." Basi.

Ikaja posa. Mchumba wangu kwao ni Kabungu, wakulima wa mpunga. Nilienda na baba mdogo, ndo alikuwa mshenga. Wakataja ng'ombe wanne au hela yake.

Nikajifanya mjanja. Nikatoa simu, nikawaonyesha salio. Nikasema nitawalipa kwa koini, wakizitunza zitapanda.

Mjomba wa binti akauliza, "Zikipotea tunamfuata nani?"

Nikaanza kueleza blockchain, ule mfumo wa kompyuta unaotunza hesabu za koini. 

Mama wa binti akanikatisha. Akasema taratibu, "Mwanangu, mambo ya simu mi siyajui. Niambie tu, kuna mtu analia kwa hii hela?"

Baba mdogo akanigusa goti nijibu. Kusema hapana ilikuwa rahisi, wakuu. Mdomo ukakataa.

"Yupo, mama. Jirani yangu, mjane."

"Nenda kwake kwanza. Siwezi kumtoa binti yangu kwa machozi ya mwanamke mwenzangu."

Tukaaga, tukarudi mjini.

Niliuza koini zangu. Mama Zawadi nikamrudishia hela yake yote, wale wanane nikawapa kamisheni niliyokula kupitia wao. Mama Zawadi hakunipigia kelele. Alizifunga kwenye kanga, akasema, "Hela imerudi, baba. Imani bado."

Posa tulirudia baada ya mavuno, safari hii na pesa taslimu, wakatupokea. Sasa tuko kwenye ndoa.

Nilichojifunza: Mama Zawadi hakuwahi kuiamini koini. Aliniamini mimi, nami nikaiuza imani yake kwa kamisheni.

Tunasalimiana vizuri tu. Lakini akisafiri kwenda Karema kufuata dagaa, ufunguo wa nyumba anamuachia jirani wa upande wa pili. Zamani alikuwa ananiachia mimi.

Wewe uliyewahi kumuingiza mtu wako wa karibu kwenye koini, ulimwambia nini siku ilipokufa? Andika hapa chini, nasoma zote.