Chumba Tulichoachiana Jumapili

Mume wangu alitangulia Johannesburg. Alirudi Tanga kunioa, akakaa mpaka fungate ikaisha, akaondoka tena, nami nikamfuata karatasi zangu zilipokuwa tayari. Kwenye simu alikuwa ameniambia kwamba ana chumba Berea, juu ghorofani, chenye dirisha kubwa linaloangalia mji. Yote hayo yalikuwa kweli. Alichoacha kusema ni kwamba katikati ya chumba, kutoka ukuta huu hadi ule, ulifungwa waya, kwenye waya likaning'inia pazia la maua, na upande wa pili wa pazia aliishi mtu.

"Ndiyo hapa," alisema, akaweka begi langu chini. Alikuwa anaangalia dirisha, haniangalii mimi.

"Na kule?"

"Kule kwa mama."

Nilishtuka, maana mama yake nilikuwa nimemuaga kwake Tanga kabla ya safari. Kabla sijauliza tena, pazia lilisogea, akatokea mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mkononi ana kitana. Alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, msusi wa nywele kule Marshalltown, kwenye njia ileile ya miguu ambapo mume wangu alitandaza mikanda na kava za simu. Upande wetu mume wangu alikuwa akikaa na kijana wa Zanzibar, ambaye alihamia chumba cha jirani ili kunipisha.

Mama alinishika mikono yote miwili. "Karibu sana, mama. Apa ni kwako."

Alikuwa na umri wa kunizaa, lakini aliniita mama kwa desturi ya kwao, nami nikamwita mama. Akarudi kwake, pazia likafungwa, na mimi na mume wangu tukabaki tumekaa kitandani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari.

"Ningekwambia, ungekuja?" alininong'oneza.

"Ningekuja."

"Niliona aibu kukwambia."

Huo ulikuwa mnong'ono wa kwanza, na baada yake tuliishi kwa kunong'ona. Pazia huzuia macho tu. Nilimsikia mama akigeuka, akikohoa kikohozi chake kifupi chenye filimbi mwishoni, akifungua pakiti ya biskuti, akisali. Kwa hiyo nilijua kwamba naye anatusikia. Kitanda chetu kililia kwa kila kitu, hata kwa mtu kuvuta shuka, mpaka tukakiegemeza ukutani na kulaza godoro chini. Nilijifunza kubana chafya. Nilijifunza kucheka bila sauti, jambo ambalo mwishowe hukufanya usicheke kabisa. Mume wangu akinigusa bega, mimi nasikiliza kwanza upande wa pili.

Kabla ya harusi somo yangu alikuwa amenifunda namna ya kuishi na mume, na hakukuwa na somo hata moja lililozungumzia pazia. Siku moja, mama akiwa bado kazini, nilijipa moyo nikafukiza udi. Nilikuwa nimeubeba kutoka nyumbani ndani ya soksi. Moshi haukungoja ruhusa yangu, ulipita chini ya mlango, ukatembea korido nzima, na yule kijana wa Zanzibar, ambaye anajua vizuri udi huchomwa kwa sababu gani, akapaza sauti kutoka jikoni, "Mashallah, wenyewe wameamka!" Watu wakacheka. Mama alipoingia alisimama mlangoni akanusa, akafungua dirisha taratibu, akashuka tena chini akisema amesahau kununua chumvi. Chumvi ilikuwa imejaa kopo. Nilijifunika khanga uso mzima, nikatamani ghorofa lile limeguke upande wangu tu.

Mwezi wa nne ulipoingia, hewa ikabadilika. Sisi tulikotoka miti hubaki kijani mwaka mzima, hata sikujua kwamba mti mkubwa unaweza kugeuka rangi wote kwa pamoja kama nguo iliyochovywa kwenye pipa la rangi. Mume wangu ndiye aliyeleta wazo. Jumapili hatandazi biashara. Mama naye huenda kanisani asubuhi na kurudi mchana, akapika, kisha akakaa upande wake kuzungumza na ndugu zake kwenye simu.

"Tuondoke kabla hajarudi," alisema mume wangu. "Twende tukatembee. Tukaongee kama watu."

Tukaondoka na chapati, maharage na chupa ya chai ya tangawizi. Tulivuka robot, zile taa za barabara kuu, tukateremka kuelekea Houghton, kwenye mitaa ya nyumba zilizojificha nyuma ya kuta ndefu. Njia ya miguu huko ilifunikwa majani ya rangi ya binzari na ya kutu, makavu, yakipasuka chini ya viatu. Nilisema, "Tazama!" Nikasema kwa sauti yangu kamili, na sauti ile ilinishtua mwenyewe. Mume wangu naye akaanza kuongea kwa nguvu, habari za wateja wake, habari za utoto wake, mambo ambayo mtu hawezi kuyanong'ona. Jumapili ya pili tuligombana kwa sauti, chini ya mti, kuhusu dada yake. Ulikuwa ugomvi mtamu sana. Kila mmoja alimaliza sentensi zake zote, na mwisho tukacheka, tukarushiana majani.

Hata huko aibu ilitufuata wakati mwingine. Gari la walinzi wa mtaa lilipunguza mwendo kando yetu, dereva akateremsha kioo.

"Mnatafuta nyumba gani?"

"Hatutafuti nyumba," mume wangu akajibu kwa Kiingereza chake cha sokoni. "Tunatembea."

"Mnatembea kwenda wapi?"

Hatukuwa tunaenda popote. Mume wangu akaonyesha kidole mbele. Gari likatufuata polepole hadi mwisho wa mtaa, nami nikayamwaga majani mazuri niliyokuwa nimeyaokota, nisije nikaonekana mwizi.

Baada ya hapo tulihamia kwenye bustani ya mlimani iliyo karibu, yenye njia za mawe, mishubiri mikubwa na mabenchi yaliyopangwa ngazi kwa ngazi. Pale hakuna aliyeuliza kitu. Tulikaa mpaka jua likashuka na vidole vikafa ganzi, ndipo tukarudi. Tukifika chumbani, upande wa mama kulikuwa kimya. Tulidhani amelala, au ameshatoka kwenda kwenye maombi ya jioni. Baadaye tulimsikia akija kutoka mwisho wa korido, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, kisha akibisha mlango wa chumba chake mwenyewe kabla ya kuingia. Tuliona ni tabia yake tu.

Sasa nifike kwenye Jumapili ninayotaka kuieleza. Baridi ilikuwa imeanza kuuma. Tulikaa kwenye benchi letu, na kwa kuwa hapakuwa na mtu, nililaza kichwa mapajani kwa mume wangu, kitu ambacho Tanga nisingekifanya hata uani. Yeye akanikumbusha habari za udi na yule kijana wa Zanzibar. Tukacheka. Nikasema, kwa ile sauti yangu ya Jumapili:

"Subiri tupate mlango wetu. Nitafukiza nyumba nzima mpaka majirani wapige simu zimamoto. Halafu nikuvalie khanga moja tu, na kitanda kilie kinavyotaka!"

Nilisema na mengine, ambayo siyaandiki hapa. Mji ule nilikuwa nimeuzoea kama mji usionielewa. Kiswahili changu kilikuwa chumba chenye kufuli.

Chini yetu, nyuma ya ukuta mdogo wa mawe, mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, chenye filimbi mwishoni.

Niliinuka kama niliyemwagiwa maji. Mume wangu akanitazama, naye alikuwa amekitambua. Tukachungulia. Kwenye benchi la chini alikaa mama, na gauni lake jeupe la kanisani, blanketi mabegani, mapajani kifuko cha karanga. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mkoba ameuinua kuufunika uso upande wetu, kama mtoto anayejificha nyuma ya kiganja. Alijaribu kuinuka aondoke, lakini magoti yalikataa, akakaa tena.

Mume wangu alishuka ngazi. Mimi nilimfuata nyuma sana.

"Shikamoo, mama."

"Eeh," alisema mama, bado anaangalia karanga zake. "Mi sikusikia kitu."

Afadhali angesema amesikia. Masikio yangu yaliwaka moto.

"Mama, mbona uko huku kwenye baridi?" aliuliza mume wangu. "Hukurudi nyumbani?"

"Nirudi wapi? Nyumba nilibaachia."

"Ulituachia?"

"Bibi na bwana bapya," alisema mama, sasa akimtazama. "Pazia ni pazia tu. Mi nilisema, kila dimanche nikitoka kanisani nisirudi. Nikae huku mpaka giza, na beye bakuwe na nafasi yabo."

Mimi ndiye niliyesema, kwa mnong'ono uleule wa chumbani, "Mama, sisi tunatoka. Kila Jumapili tunatoka kabla hujarudi. Ili tusikusumbue."

Ilimchukua muda kuelewa. Alitutazama mmoja mmoja, akaangalia chupa yetu ya chai, akaangalia blanketi lake. "Sasa mu chumba kuko nani?"

"Hakuna mtu."

"Eish," alisema mama.

Nilitegemea atacheka. Natamani angecheka, tungepata pa kushika. Lakini aliishika miguu yake, akaanza kuyasugua magoti, na nikaona macho yake yamejaa maji, sijui ya baridi au ya hasira. Jumapili zote zile mwanamke mwenye umri wa mama yangu, aliyesimama wiki nzima akisuka vichwa vya watu, alikuwa amekaa kwenye benchi la baridi ili mimi nikae na mume wangu. Na sisi tulikuwa juu yake, tukijisifu kwamba tumepata uhuru. Na alikuwa amefikiria juu yetu, juu ya godoro letu, akapanga, kwa upole kabisa, huenda hata akisali. Ule upole ndio nilioshindwa kuubeba. Angetukana ningejua pa kuanzia.

Tulirudi watatu. Mume wangu alibeba mkoba wa mama, mimi nilimshika mkono kwenye mteremko. Nyumbani nilimpikia uji wa tangawizi, nikampelekea, na kwa mara ya kwanza sikujua kama nipige hodi kwenye pazia, au niite, au niingie tu. Nilisimama pale na kikombe mpaka yeye mwenyewe akasema, "Pita, mama. Ni kitambaa tu."

Kabla ya Jumapili iliyofuata alitutangazia uamuzi wake kama mtu anayetangaza ratiba ya kanisa. Dada mmoja wa kwaya anakaa mtaa wa La Rochelle. Mama atashinda huko, kwenye joto, na chakula. "Na ninyi mubakie apa. Musitoke." Akatuonyesha kidole, akachukua Biblia yake, akaenda.

Basi tukabakia. Chumba chote kilikuwa chetu, jua limelala sakafuni, pazia limesogezwa kando. Mume wangu aliketi ncha moja ya godoro na mimi ncha nyingine. Aliniuliza kama ninataka chai. Nikamwambia nimeshakunywa. Kila nilipomtazama niliona mtu anayejua kwamba kule La Rochelle, mezani kwa watu wa kwaya, mama anajua tuko wapi na kwa nini. Alinishika mkono, mkono wake ukatoka jasho. Redio ya jirani ikaanza taarifa ya habari, tukaisikiliza yote mpaka mwisho, katika lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeielewa.

"Twende tukatembee," alisema.

Tulikwenda upande mwingine, si kule bustanini. Miti mingi ilikuwa imeshabaki matawi matupu. Hatukupaza sauti. Tulirudi wakati giza linaingia, tukawahi kulitandika shuka, halafu tukaona aibu kulikuta limenyooka hivyo, tukalivuruga kidogo, mama asije akadhani wema wake umeharibika bure.

Baridi ilipokaribia kuisha mume wangu alipata chumba huko huko La Rochelle, nyuma ya spaza, duka dogo la mtaani, chumba kidogo chenye mlango na ufunguo. Siku ya kuhama yeye alitangulia chini na vyombo kwenye bakkie, pikapu ya rafiki yake. Kilichobaki kilikuwa kabati letu, na lifti ilikuwa imeharibika tangu kabla sijafika nchi ile. Mama alikunja mikono ya gauni, akashika upande wa chini, mimi wa juu, tukateremka ngazi kwa ngazi, tukipumzika kila kona.

Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba sijawahi kufanyiwa jambo kama lile na mtu asiye ndugu, na kwamba tangu siku ile siwezi kumtazama usoni kwa muda mrefu, si kwa sababu ya kosa lake wala langu. Uso wake ulikuwa pale mbele yangu, karibu, umeloa jasho, unaningoja niseme upande gani tugeuze.

"Mama," nilisema, "angalia hapo chini, ngazi imevunjika."

"Nimeona," alisema, akashuka kwa uangalifu, tukaendelea.