Mchanga Juu ya Shamba Letu

Jirani yangu hapa Ihumwa anajenga, na kila lori linapomwaga mchanga mbichi, harufu ya mto inaniingilia mpaka jikoni. Wenzangu wanasema mchanga haunuki. Wangeuona mwaka wetu wa mafuriko, wasingesema hivyo.

Mto wa kijijini kwetu ulikuwa mkavu karibu mwaka mzima. Tuliuvuka bila hata kuvua ndala. Mwaka ule ulijaa usiku mmoja, ukabomoa tembe letu, ukazoa uwele wote wa akiba. Maji yalipopungua, shamba lilikuwa limefunikwa na mchanga unaofika magotini. Sisi watoto, Mungu atusamehe, tulifurahi. Tuliviringika humo kutwa nzima.

Baadaye wakaja watu wa msaada, wakagawa fedha taslimu kwenye ofisi ya kijiji, mara moja tu, kila kaya ijipangie yenyewe. Baba alinunua mabati machache na unga. Zilizobaki alitaka kununulia mbegu, lakini Mama alitaka kwanza vijana walipwe wauondoe mchanga.

"Baba Neema, udongo uko chini. Tuufikie, ndipo tupande."

"Babu yangu aliberega hapa, baba yangu akaberega hapa. Leo mimi nichimbe shamba kama nachimba kisima?"

Kuberega ndicho kilimo chetu: unakwangua nyasi, unatoboa kishimo kwa jembe, unaangusha mbegu na kufukia kwa mguu, basi, hakuna kutifua. Baba alisifika kwa kazi hiyo, na kwa ubishi pia. Akaberega mchanga mtupu. Uwele ukaota, kijani kibichi, nami kwa utoto wangu nikamcheka Mama. Mvua ikakatika wiki mbili tu, miche yote ikakauka kabla mizizi haijagusa udongo. Mama hakumlaumu kwa neno lolote. Nadhani hilo lilimuuma Baba kuliko matusi.

Njaa ilipobisha hodi, mchanga ukapata wateja. Malori ya wajenzi wa mjini yakaja, Baba akauza. Walichota mchanga, wakachota na udongo wa chini, na Baba hakuwazuia kwa sababu tulikuwa tunakula. Wakatuachia shimo.

Hata hivyo kila asubuhi Baba aliendelea kutoka na jembe begani. Nilijivuna shuleni kwamba baba yangu hapumziki. Jioni nilimpokea, "Shikamoo Baba, pole na kazi," naye akajibu, "Marahaba mwanangu, nimekwishapoa," akaketi bila kunitazama.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba hakuwa na pa kulima, na kwamba aliona haya kushinda nyumbani mbele yetu. Mama alijua tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana kila jioni alilipokea jembe lile mikononi mwake, akalikung'uta taratibu, akalifuta kwa kanga, ilhali halikuwa na hata chembe ya udongo.