Koti Ambalo Mume Wangu Hakumpa Mtu

Mume wangu alikuwa mpishi wa mlimani. Tulifanya kazi kampuni moja ya utalii hapa Moshi, yeye akipanda na wageni, mimi nikiwa mapokezi. Nimonia ikamchukua, tukamzika kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo kijijini Mkuu, katikati ya migomba.

Zamu ya salamu za ofisi ilipofika, bosi akasimama na simu mkononi, akasoma. Eti usiku mmoja wa baridi kali mume wangu alivua koti lake, akamvika mgeni aliyekuwa anatetemeka, akamwambia, "Mlima huu ni wetu sote." Watu wakalia. Mama mkwe akaanguka, wakamshika. Mimi nikakauka. Koti lile hata mimi hakuniazima! Alikuwa mtu wa kununa asubuhi, mwenye kigugumizi, anayegombana na wageni wanaobakiza uji wake. Huyo ndiye niliyempenda, na hakuna aliyemtaja.

Niliporudi kazini nikauliza, "Bosi, kisa cha koti ulikitoa wapi?"

"Niliiomba AI, dada. Kwani kilikuwa kibaya? Watu walilia."

Akanionyesha simu bila aibu. Alikuwa ameandika: mpishi wa mlima, mchapakazi, ana mke na mtoto mmoja, weka kisa cha kugusa moyo.

Ofisini wote tunaitumia. Mhasibu hata barua ya kuomba ruhusa ya kwenda kliniki anaandikiwa huko. Sina ugomvi. Mgeni akitaka kujua kama Aprili kuna mvua, mashine imjibu. Lakini bosi alikula chapati za mume wangu miaka yote, akamwita "mpishi wangu" mbele ya wazungu, na siku ya kumzika akakosa hata sentensi moja ya kwake?

"Maneno yalinishinda," akasema, macho chini.

"Ungesema hivyo hivyo! Ungesimama pale kaburini, ukasema yamekushinda, ukakaa."

Akaniambia niende nyumbani nikapumzike.

Jumapili nikapanda Mkuu. Nikamkuta mama mkwe anamenya ndizi, mwanangu kakaa miguuni pake, anahadithiwa koti. Bibi alishaongeza theluji na mgeni aliyekaribia kufa. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, hiyo habari si ya kweli. Imetungwa na mashine."

Akaniangalia kama niliyemtukana. "Kwani wewe ulikuwepo mlimani?"

Sikuwepo.

Nikachuchumaa mbele ya mtoto. Nikamwambia baba yake alikuwa anakwama kwenye maneno, ila akimwimbia yeye hakwami. Kwamba alikuwa hali mpaka yeye ashibe. Akaziba masikio.

"Muongo! Baba alimpa mzungu koti!"

Bibi akamvuta, akampakata. "Nyamaza, baba. Basi, usiku huo kulikuwa na baridi..."

Mtoto akaondoa mikono masikioni, akasikiliza. Nikaokota kisu, nikamenya ndizi zilizobaki.